Fungate ya Pili: Siku Saba Malta Bila Kugusa Mahari



Fungate yetu ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, kama walivyofanya mama zetu: siku saba ndani, chakula kinaletwa kwa sinia, udi hauzimiki chetezoni, na Somo anaingia na kutoka kama askari wa zamu. Tuliifurahia. Lakini tangu siku za uchumba tulikuwa tumeahidiana fungate ya pili, siku saba nyingine kwenye kisiwa ambacho si chetu. Watu walitucheka. Watu wa Unguja wanakwenda kisiwani kutafuta nini? Tulitaka kuiona bahari ya Mediterania, basi. Na tulitaka kukaa siku saba mahali ambapo hakuna anayetujua, hakuna anayegonga mlango, na hakuna anayeuliza kama tumbo limeshaingia kitu.

Tulichagua Malta kwa sababu ambazo leo tunaona zilikuwa za kiutu uzima. Kiingereza ni lugha rasmi, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Kisiwa ni kidogo, basi linakufikisha popote, na huna haja ya kukodi gari. Waingereza waliitawala mpaka 1964, na wametuachia urithi uleule: magari yanapita kushoto, na plagi za umeme ni za pini tatu kama zetu. Chaja zetu ziliingia ukutani bila kifaa chochote cha ziada. Ni jambo dogo, lakini ukifika usiku umechoka utalishukuru.

Harusi ilikuwa mwezi wa Rajabu. Mpango wa kwanza ulikuwa Agosti, hoteli ya Sliema yenye dirisha linalotazama bahari, euro 110 kwa usiku. Tulikuwa tukihesabu euro moja kwa shilingi 3,000, juu kidogo ya bei ya dukani, ili bei ikipanda isitukute uchi. Zidisha mara 7 uone: shilingi 2,310,000 kwa kulala tu. Tuliona sawa. Maharusi wapya huona kila kitu sawa.

Baada ya Idi tukavuka kwenda Bara kuomba viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudi ukikataliwa. Tulikataliwa.

Kosa lilikuwa letu na tunalieleza hapa ili wewe usilirudie. Pesa za kutunzwa harusini tulikuwa tumezihifadhi ndani, na zamu yetu ya upatu ilifika mwezi uleule. Siku 12 kabla ya kupeleka maombi tulizichukua zote tukazitia benki kwa mkupuo. Akaunti iliyolala na laki mbili kwa miezi ikaamka ghafla na milioni sita. Sisi tulidhani tunaonyesha uwezo. Anayesoma karatasi hizo anaona pesa ambazo hazina mama wala baba, na anajiuliza kama tumeazima ili aone tarakimu kisha tuzirudishe. Barua ya kukataliwa ilisema hivyo kwa lugha ya adabu. Euro 180 zikaenda, yaani shilingi 540,000. Tulirudi kwenye boti kila mmoja anatazama upande wake.

Kilichotuokoa ni kwamba hatukuwa tumenunua tiketi. Usinunue tiketi kabla ya viza, hata ukiambiwa bei inapanda kesho. Peleka nafasi iliyoshikiliwa tu. Hoteli nayo tulichagua ya kufuta bila malipo. Na bima ya safari, ambayo lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu, tulinunua ile inayorudisha pesa viza ikikataliwa, nao walirudisha.

Sasa tulikuwa pungufu ya shilingi milioni 1 na laki 2, na hapo ndipo ndoa ilipopata mtihani wake wa kwanza. Mmoja wetu alisema tukope; siku hizi unabonyeza simu na pesa zinaingia kabla hujamaliza chai. Tulipolipiga hesabu deni hilo, riba yake ilikuwa wazi kama mchana, na hatukutaka kuanza ndoa kwa kitu hicho. Tukanyamaza siku mbili. Siku ya tatu mwingine akasema, basi tutumie mahari. Ilikuwapo, milioni 1 na nusu, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Na aliyesema hivyo ni bibi harusi mwenyewe.

Kisheria mnajua jibu, na sisi tulilijua: mahari ni ya mke, si ya mume wala ya baba, na mke akitoa sehemu yake kwa radhi ya moyo wake ni halali kwa mume kula. Suratun Nisaa imelieleza mapema kabisa, aya ya nne. Kwa hiyo haikuwa suala la haramu. Tulikwenda kwa Somo kwa sababu hatukuwa na uhakika na neno “radhi”.

Alitusikiliza huku anasuka ukili. Kisha akasema, “Wanangu, akitoa kwa moyo ni halali, sina la kusema. Lakini moyo wa bibi harusi wa miezi minne haujajifunza kukataa. Muulizeni tena akishazaa wawili.” Akaendelea kusuka.

Tuliondoka tumenuna kidogo, maana tulikuwa tumetaraji atubariki. Usiku tukachukua karatasi na badala ya kutafuta pesa tukaanza kukata safari. Agosti tukaigeuza Novemba. Hoteli ya bahari tukaigeuza fleti ndogo ya chumba kimoja Msida, yenye jiko, euro 52 kwa usiku. Hapo peke yake tuliokoa euro 58 kila usiku. Kwa siku saba ni euro 406, shilingi 1,218,000. Pengo likazibika kwa uamuzi mmoja wa usiku mmoja, na sanduku halikufunguliwa. Tulikuwa tayari kukopa kwa ajili ya dirisha.

Maombi ya pili tulipeleka Septemba. Mara hii pesa zilikuwa zimekaa benki miezi minne zikiongezeka kidogo kidogo kwa mishahara. Tuliambatanisha barua za waajiri zenye tarehe za likizo, cheti cha ndoa kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, na barua yetu wenyewe ya ukurasa mmoja inayoeleza kiasi gani kilitoka harusini na kiasi gani ni akiba. Viza zikatoka. Kwa wale wanaouliza tuombe lini: dirisha linafunguka miezi 6 kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla. Siku 15 ni za kuombea dua, usizipangie. Na uliza kwanza ni ofisi ipi inapokea maombi ya Malta mahali ulipo, maana si kila nchi ina ubalozi wake.

Tukaruka Unguja kwenda Istanbul, kisha Malta. Mama mmoja kati ya mama zetu wawili alikuwa ametufungia kuku wa kukaanga na kopo la samli. Tulivitoa usiku wa mwisho kwa majonzi, kwa sababu nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya. Tulibeba bizari, iliki, majani ya chai na mchele kilo mbili. Dada, jiko lile liliokoa pesa kuliko kitu chochote. Asubuhi chai ya iliki na mkate wa kwao, ambao ni mtamu sana, una ganda gumu na ndani laini. Mchana tulikula nje kidogo. Usiku wali na samaki. Novemba bado ni msimu wa lampuki, samaki wanayempenda sana kule, na Jumapili tulikwenda kuwanunua Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi chenye mashua zilizochorwa macho kwenye omo. Ukizitazama mashua zile unajisikia nyumbani. Ukisikia bei unakumbuka uko Ulaya. Chakula kwa wote wawili kilitugharimu wastani wa euro 24 kwa siku, na hatukulala na njaa hata siku moja.

Kuhusu halali, tuseme wazi. Malta ni nchi ya Kikatoliki na nyama yao ya sifa ni sungura, mara nyingi amepikwa kwa mvinyo. Vitafunio vyao maarufu, pastizzi, vinafanana na sambusa iliyolegea. Vinauzwa kila kona kwa bei ya chini na vina jibini au mbaazi za kijani ndani, lakini baadhi ya wapishi hutumia mafuta ya nguruwe kwenye unga. Uliza kila duka, usione haya. Sisi tuliuliza sehemu nne, mbili wakasema hayo mafuta yamo, na walitujibu kwa upole kabisa. Ftira ya jodari, zeituni na nyanya haina utata. Nyama tuliacha mpaka siku ya Ijumaa.

Ijumaa tulikwenda Paola, kwenye msikiti wa Mariam Al-Batool, uliojengwa kwa fedha za Libya katika miaka ambayo nchi hizo mbili zilikuwa karibu sana. Baada ya sala tulikutana nje na kukuta kila rangi ya umma: Walibya, Wasomali, Wasiria, Wabangladeshi. Dada mmoja Msomali alisikia tunazungumza akageuka na kutujibu kwa Kiswahili cha Nairobi. Alikulia Kenya. Alituelekeza bucha la halali, akatuonya duka moja la kebabu ambalo bango lake linasema halali huku friji imejaa bia, na akatusindikiza mpaka kituo cha basi akituuliza habari za Mombasa ambako hatujawahi kufika. Kama unakwenda, anza na msikiti siku ya kwanza. Sisi tulichelewa siku nne.

Nyakati za sala zitakushangaza ikiwa umezoea kwetu, ambako Magharibi haitikisiki sana mwaka mzima. Novemba kule jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Adhuhuri ni kabla ya saa 6, Alasiri ni saa 8 na nusu, na ukizubaa dukani zimepita mbili. Kiangazi ni kinyume chake, Isha inakwenda hadi karibu saa 4 usiku. Mwenye ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala akiwa safarini amuulize ustadhi wake kabla ya kuondoka, si akiwa kituoni. Adhana husikii barabarani, kwa hiyo simu ndiyo mnadi wako. Na beba kichupa cha istinjai kwenye mkoba. Hatuelezi zaidi.

Basi. Tulinunua kadi ya siku 7, euro 25 kwa kila mmoja, panda kadiri utakavyo, Malta na Gozo pia. Wenyeji wenye kadi zao hupanda bure, kwa hiyo mabasi hujaa, na likijaa halisimami. Siku ya pili matatu yalitupita mvua inanyesha, mtandio umegandana na uso, na hapo mmoja wetu alisema maneno kuhusu gari la kukodi ambayo hatutayaandika. Tulijifunza kupandia Valletta, mwanzo wa safari, na kunyoosha mkono kwa nguvu kama unayeita daladala. Novemba ni mwezi wa mvua. Hilo ndilo unalolipia kwa chumba cha euro 52. Bahari nayo ilikuwa baridi kwa watu wa Unguja. Tuliingia mara moja tu, Għadira kwenye mchanga, kwa vazi la kuogelea la stara, na hakuna aliyegeuka kututazama.

Maji ya bomba ni salama lakini yana ladha ya chumvi, kwa sababu mengi ni ya bahari yaliyosafishwa. Tulinunua ya chupa. Kila chupa ina dhamana ya senti 10 ambayo unarudishiwa ukiitia kwenye mashine nje ya maduka makubwa. Tulirudi na mifuko ya chupa kama waokota makopo, na hatukuona aibu.

Hatukuwa tumejiandaa kwa lugha yao. Kimalta kimetokana na Kiarabu, ingawa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini na kimejaa Kiitaliano. Tuliketi ndani ya basi tunasikiliza watu wakitaja namba: sitta, sebgħa, disgħa. Sita, saba, tisa! Ijumaa wanaiita il-Ġimgħa, na Alhamisi ni il-Ħamis. Kuna mji unaitwa Żejtun, yaani zeituni. Na Mungu wanamwita Alla, hawa Wakatoliki wenye kanisa kila mtaa. Kwaresima yao ni Randan na Pasaka yao ni l-Għid. Siku tuliyokwenda Gozo upepo ulikuwa mkali, na bibi mzee aliyeketi nasi alikuwa na wasiwasi kama feri itaondoka. Alizungumza na dereva, kisha akajiambia mwenyewe, “Jekk Alla jrid.” Mwenyezi Mungu akipenda. Tulimjibu inshaallah kwa pamoja bila kufikiri, naye akacheka akatupa chungwa.

Feri iliondoka. Nauli kutoka Ċirkewwa ni euro 4.65 kwenda na kurudi, na unalipia wakati wa kurudi, kwa hiyo usihangaike kutafuta dirisha la tiketi unapokwenda. Gozo ni ya kijani na kimya. Tulipanda mpaka Cittadella, boma la mawe juu ya mji wa Victoria, tukaingia makumbusho ya mambo ya kale zaidi kwa kukimbia mvua kuliko kwa elimu.

Pale ndani kuna jiwe la marumaru lenye maandishi ya Kikufi. Ni jiwe la kaburi la mwanamke wetu, Maymuna binti Hassan, aliyefariki siku ya Alhamisi, 16 Shaabani mwaka 569 Hijria, yaani Machi 1174. Waislamu waliichukua Malta mwaka 870 na Wanormani wakawanyang'anya mwaka 1091. Kwa hiyo Maymuna aliishi na kufa Mwislamu chini ya watawala Wakristo, zaidi ya miaka 80 baadaye, na kulikuwa na mtu aliyempenda kiasi cha kumchongea jina lake, la baba yake na la ukoo wake kwa mkono mzuri hivyo. Marumaru yenyewe yalikuwa ya Warumi; upande wa nyuma bado una nakshi zao. Maneno yake yanamtaka anayepita atazame na kukumbuka kwamba hakuna kinachozuia mauti.

Tulisimama pale muda mrefu. Tulikuwa tumekuja fungate, tumevaa viatu vilivyolowa, tumegombana asubuhi kuhusu euro 6 za kahawa. Tukamsomea Fatiha kimyakimya. Mlinzi alituacha. Kisha tukarudi nje na mvua ilikuwa imekatika.

Sasa hesabu, maana najua wengine mmeruka moja kwa moja mpaka hapa. Tiketi mbili za ndege 4,500,000. Viza 540,000, bima 210,000, safari zetu za Bara na karatasi zake 240,000. Fleti siku saba 1,092,000. Kadi za basi 150,000, chakula 504,000, Gozo na makumbusho 180,000, zawadi 120,000. Jumla 7,536,000. Ongeza zile 540,000 zilizopotea mwanzoni na unapata 8,076,000. Ni pesa nyingi, hatutajifanya si nyingi. Wenzetu wangenunulia kiwanja. Lakini hatudaiwi shilingi na mtu, na kitambaa kile kipo sandukuni kimefungwa kama kilivyofungwa siku ya nikaha. Safari ingeweza kushuka bei tena kama tungeweza kukaa macho kusubiri tiketi za bei nafuu. Hatukuweza, likizo zetu mbili zilikuwa zimegongana kwa wiki moja tu.

Somo tulimletea zawadi kutoka Gozo, pakiti ya chumvi ya Xwejni, ambako kuna mabwawa yaliyochongwa kwenye mwamba kando ya bahari na watu bado wanavuna kila kiangazi. Aliipokea kwa mikono miwili, akasoma, akaigeuza nyuma, akasoma tena.

“Chumvi,” akasema. “Kwani Pemba wameacha kuvuna lini?”